Ukurasa wa Harusi Usio na Sura Moja

Fungua ukurasa wowote mkubwa wa harusi wa Dar es Salaam au Nairobi, uteremshe kidole mara ishirini. Bi harusi ni mwembamba, maji ya kunde kwa kuzaliwa au kwa mkono wa mhariri, na hajafika miaka thelathini. Bwana harusi amemzidi urefu, kavaa suti, anatazama kamera. Mwenzake anamtazama yeye. Nyuma yao maua yamepanda mpaka darini. Ukizitazama picha hizo moja moja huzioni ubaya. Ni maharusi wa watu na wamependeza. Zikishakaa mia pamoja ndipo zinapoanza kusema jambo ambalo hakuna aliyekusudia kulisema: kwamba mjane wa miaka hamsini na tano, msichana mnene, kijana wa kiti mwendo na wale waliofunga ndoa bomani Jumatano asubuhi hawaoi wala hawaolewi.

Mwongozo huu ni wa wanaochagua: msimamizi wa ukurasa, mhariri wa jarida, mtayarishaji wa kipindi cha harusi, na mpiga picha anayeamua zipi zitoke na zipi zibaki kwenye diski.

Hesabu kwanza

Chukua machapisho 100 ya mwisho, kwa mfululizo. Usichukue unayoyakumbuka, maana mhariri hukumbuka yale aliyojivunia. Fungua jedwali, kila chapisho mstari wake, na safu hizi: rangi ya ngozi ya kila mmoja, umri wa kukadiria kwa muongo, umbo, ulemavu unaoonekana, aina ya ndoa, mahali, nani mrefu, nani anatazama kamera, nani katajwa kwanza, kazi ya nani imetajwa, na kama chapisho limelipiwa.

Safu ya rangi ndiyo inayowagombanisha watu. Kwetu "mweupe" ni yeyote aliyemzidi jirani yake, kwa hiyo neno hilo halipimi kitu. Tumia kipimo cha Monk chenye ngazi 10, kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk na kutolewa na Google mwaka 2022. Ni cha bure. Kiweke pembeni ya skrini, soma shavu, kisha soma mgongo wa kiganja cha mtu huyo huyo. Uso ukipishana na mkono kwa ngazi mbili au zaidi, hapo huenda kuna poda isiyo yake au mhariri aliyeng'arisha uso akasahau vidole. Weka alama. Alama hizo zikiwa nyingi, tatizo lako la kwanza liko kwenye uhariri, kabla hujamlaumu anayekutumia picha.

Kwa aina ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeshakupangia: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Tanzania orodha hiyo inatumika vizuri tu. Ukikuta safu moja imemeza karibu mia yote, jiulize kama mtaa wako nao uko hivyo.

Wahesabu watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakipishana kwenye machapisho zaidi ya 10 katika safu moja, maelezo ya safu hayaeleweki. Yaandikeni upya na mrudie safu hiyo tu.

Usikimbilie kujiwekea asilimia. Asilimia hutimizwa mwishoni mwa mwezi kwa kulimbikiza, na msomaji hulinusa. Kanuni inayofanya kazi ni ya miraba tisa ya juu ya ukurasa, ile anayoiona mgeni kabla hajashuka: isiwe na zaidi ya maharusi sita wanaofanana kwa rangi, umri na umbo. Kila unapotaka kurusha, tazama miraba hiyo kwanza.

Picha zinatoka wapi

Ukurasa hula unacholetewa. Wanaoleta ni wapambaji, wenye kumbi, wapiga picha na washona magauni, na kila mmoja huleta ile inayotangaza biashara yake. Hakuna mpambaji atakayekutumia harusi ya chini ya turubai uani kwa kina bi harusi, hata kama ilikuwa tamu kuliko zote za mwezi huo. Wito wa "tumeni picha zenu" utakuletea zile zile. Wito utaje mtu: tunatafuta waliofunga ndoa bomani mwaka huu, tunatafuta waliooana wakiwa wamepita miaka hamsini, tunatafuta harusi iliyofanyika bila ukumbi. Upeleke kwa mafundi picha wa wilayani, parokia, misikiti na vyama vya watu wenye ulemavu. Kwenye fomu weka swali moja la wazi: "Kitu gani cha siku yenu hakionekani pichani?" Majibu ya swali hilo ndiyo yatakayokupa maelezo mazuri baadaye.

Kuna pia harusi unazozikosa kwa sababu ya umbo la picha unayoitafuta. Jicho limezoea fremu tatu: bi harusi akishikwa mkono na baba yake, busu, keki. Sasa nenda kwenye akdi, yaani kufungwa kwa ndoa ya Kiislamu, Zanzibar, Lamu au Mombasa. Kuna kadhi au sheikh, walii anayemwozesha bi harusi, mashahidi wawili na bwana harusi aliyevaa kanzu, joho na kilemba; bi harusi mara nyingi yuko nyumba nyingine na wanawake wenzake. Ukisubiri "picha ya wawili" utaondoka mikono mitupu, au utawaigizisha jambo ambalo halikufanyika. Fremu ya akdi ni mikono miwili, wa walii na wa bwana harusi, ilivyoshikana wakati wa ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali. Piga kutoka upande, usawa wa mikono hiyo, si kwa juu. Upande wa pili ni vidole vya bi harusi vyenye hina na piko, asumini kichwani, na kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kila bibi wa Pwani huitambua kwa mbali. Ziweke picha hizo mbili ubavu kwa ubavu na umepata maharusi wako bila kumdanganya mtu.

Siku ya kupamba bi harusi, ambayo ni ya wanawake, peleka mpiga picha mwanamke, na akabidhi simu mlangoni kama wengine. Kabla hajaanza akubaliane na mama mwenye shughuli: zipi ni za familia, zipi zinaweza kutoka nje. Akisema uso usitoke, usitoke. Kuufifisha kwa programu baadaye hakutoshi, kwa sababu faili lenye uso bado liko kwenye kadi.

Neno moja kuhusu "muonekano wa Kiafrika". Shanga za Kimasai zilizovalishwa Mnyakyusa na Mdigo kwa sababu stailisti anazo kwenye boksi ni uvivu tu. Kama maharusi ni Wamasai, waulize kila shanga ni ya nini na uandike. Kama si Wamasai, uliza kwao kulivaliwa nini: gomesi na kanzu kwa Waganda, mushanana Rwanda, kisutu Pwani. Na kitenge, pamoja na uzuri wake, ni kitambaa kilichotokana na batiki ya Java na kutengenezwa kwa mashine Uholanzi kabla hakijawa chetu. Kiite kitenge, usikiite "vazi la mababu".

Mwanga juu ya ngozi nyeusi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika hata mikononi mwa watu weusi wenye nia njema. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zimevuka hapo, lakini mazoea ya kupima mwanga na kuhariri hayajavuka.

Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso mweusi huzama. Suti nyeusi na ukuta wa mbao vikijaza fremu, huongeza mwanga na uso hupauka kama umepakwa majivu. Ndiyo maana maharusi wale wale, dakika ile ile, hutoka kivuli kwenye picha moja na kijivu kwenye inayofuata.

Weka kamera kwenye hali ya mkono, ambapo mwanga unaupanga wewe mwenyewe. Pima kwa nukta, yaani sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye shavu lililo upande wa taa, kisha rekebisha: ngozi nyeusi sana, punguza stopu moja (nusu ya mwanga) kutoka kwenye kile mita inachosema, maji ya kunde, acha ilivyo au punguza theluthi, mtu mwenye ualbino, ongeza stopu moja. Ukiwa na mita ya mkononi inayopima mwanga unaoanguka, ielekeze kwenye kamera ukiwa umeishika mbele ya uso, na hesabu zote hizo zinakwisha. Kati ya uso mweusi na gauni jeupe kuna pengo la stopu tatu hivi. Faili la RAW, lile ghafi la kamera, linalibeba. JPEG ya simu, iliyokwisha kubanwa, mara nyingi hailibebi, na kitu cha kwanza kupotea ni nakshi ya gauni. Washa alama ya kumetameta kwenye skrini, uone kama kifua cha gauni kimeungua, yaani kimepata mwanga mwingi mpaka nakshi imepotea.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, kwa hiyo inataka taa pana. Dirisha kubwa, ukuta mweupe wenye jua, au sofutiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha taa) ya sentimita 120 iliyosogezwa mita moja na nusu, kwa pembeni kidogo. Flashi iliyo juu ya kamera ikipiga usoni moja kwa moja huacha doa jeupe la mafuta kwenye paji la uso na kuua kila kitu kingine. Suti nyeusi mbele ya pazia jeusi inataka taa ndogo nyuma ya bega, la sivyo bwana harusi anabaki kichwa kinachoelea.

Maharusi wakipishana rangi sana, mweusi zaidi asimame karibu na taa. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu bi harusi ndiye "wa mbele" na yeye ndiye mweupe zaidi. Matokeo yake yeye anaungua na mume anazama. Badilisheni upande tu, tofauti inajirekebisha bila kugusa kompyuta.

Mpambaji wa uso apime fandesheni kwenye shingo na kifua, kamwe si mgongo wa kiganja, kisha apige picha moja ya flashi kabla hajaendelea. Poda zenye silika au titani huonekana sawa kwenye kioo na hugeuka nyeupe kwenye flashi. Ni vizuri ukalijua hilo saa nne asubuhi chumbani kuliko saa tatu usiku ukumbini.

Ukumbini adui ni taa za bluu na zambarau. Bluu juu ya ngozi ya kahawia hutoa rangi ya mzoga, na hakuna uhariri unaoirudisha. Zungumza na mtu wa taa kabla ya shughuli: meza kuu, kuingia, keki na kulishana vipate taa nyeupe au ya njano, bluu ichezee kuta na dari. Mshereheshaji akipewa ratiba hiyo, mambo huenda. Bustanini mchawi ni kijani: chini ya mwembe nyuso huchukua rangi ya majani, wasogeze mpaka ukingoni mwa kivuli.

Kisha uhariri. Ngozi za binadamu, zote, hukaa kwenye eneo la rangi ya chungwa. Priseti nyingi (mipangilio ya uhariri iliyotengenezwa tayari) zinazouzwa mtandaoni hupandisha mwanga wa chungwa na kupunguza ukolezi wake. Kwa mtu mweupe hutoa ulaini, mtu mweusi humchubua bila krimu. Rudisha slaida hizo mbili kwenye sifuri kabla ya kuanza, na uzime kilainisha uso cha simu, ambacho kwenye simu nyingi huja kikiwa kimewashwa. Mwishoni linganisha uso na mikono na miguu. Mikono haisemi uongo.

Mtu mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, na macho yake yanaweza kuwa yanachezacheza. Usimsimamishe kuelekea jua. Nje tumia kivuli cha wazi, ndani flashi igongeshwe darini, afumbe macho uhesabu tatu, afumbue, upige tatu mfululizo. Na mpambaji asimkoleze rangi "aendane na mwenzake" kama hakuombwa.

Mkao

Mazoea ni mwanamume amesimama imara na mwanamke amemwegemea. Piga hiyo, watu wanaipenda, halafu piga nyingine ambamo wote wanatazama kamera, na nyingine ambamo mwanamke ndiye amesimama na mume ameketi. Unapochagua ya mbele, usichukue ile ile kila wiki.

Bi harusi akiwa mrefu kuliko mume, wapiga picha hukimbilia ngazi au matofali. Waulize kwanza. Wengi wao wameshajua nani mrefu tangu siku ya kwanza. Wakisema hawana neno na urefu wao, piga wima, miguu yote ionekane, bila hila.

Kupiga magoti wakati wa kulishana keki ni adabu kwa familia nyingi, na Buganda ni jambo la heshima kabisa. Usilifute. Ila kama magoti ndiyo picha yako ya jalada mara tano kwa mwezi, umeshachagua upande.

Mtu mnene asifichwe nyuma ya shada la maua wala kukatwa kifuani. Lenzi iwe usawa wa kifua, milimita 50 kwenda juu, maana lenzi pana hunenepesha yeyote aliye pembeni. Viti vya meza kuu viwe visivyo na mikono. Viti vya kifalme vya kukodi vina mikono, na hubana.

Kwa aliye kwenye kiti mwendo, shuka usawa wa macho yake, kiasi cha sentimita 110 hadi 120 kutoka chini. Kiti ni chake, usikifunike kwa vitambaa. Pindo la gauni lifungwe juu ya kikanyagio na shela isipite kiwiko, kwa sababu kitambaa kikiingia kwenye gurudumu huchanika pale pale katikati ya ukumbi. Na usipige picha zote mwenzake akisukuma. Asiyeona mwelekeze kwa sauti ("geuza kidevu upande wa sauti yangu"), usimguse bila kumwambia. Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na mshereheshaji, penye taa nyeupe, na video iwe na manukuu.

Maneno chini ya picha

Chukua maelezo ya namna hii, tumeyatunga lakini utayatambua:

"Hatimaye! Nyota ya dada yetu imeng'aa, kaolewa na bosi mwenye kampuni zake. Jamaa naye kavuta jiko jeupe peee, msosi ataula mpaka achoke!"

"Hatimaye" imemhesabia miaka bila kuitaja. "Nyota imeng'aa" imefanya ndoa kuwa bahati iliyomwangukia. Kazi ya mwanamume imetajwa, ya mwanamke hakuna. "Jiko" ni msemo wa kijiweni na hautakufa leo, lakini ukiongezewa "jeupe" umemfanya bi harusi kifaa chenye rangi nzuri. Sasa hii:

"Neema na Baraka wamefunga ndoa Moshi Jumamosi. Neema ni daktari wa mifugo, Baraka anauza vipuri. Walijuana kwenye foleni ya mwendokasi, mvua ikinyesha, mwavuli mmoja. Gauni ni la mama yake Neema, limepunguzwa kiunoni na fundi wa Kariakoo."

Imezidi kidogo kwa urefu na msomaji ana cha kushika: mwavuli, gauni, fundi. Majina mawili ya kwanza, kazi mbili au hakuna, jambo moja la kweli kutoka kwenye fomu. Wiki inayofuata anza na jina la mwanamume, inayofuata mwanamke.

Sarufi yetu ina kuoa na kuolewa, na hakuna sababu ya kuipiga vita. Mama akisema "binti yangu anaolewa" hajamtukana mtu. Yeye mnukuu alivyosema. Kwenye kichwa cha habari tumia "wameoana" au "wamefunga ndoa".

Mwanamke akiwa mkubwa kwa umri, maneno "mshangazi", "kibenteni" na "marioo" yatakuja yenyewe mdomoni. Kwa mwanamume aliyemzidi mke miaka kumi na tano umri wenyewe haungetajwa. Usiutaje hapa pia, ila wakiutaja wao. Kwa ndoa ya mzungu na mwenyeji ni hivyo hivyo: waulize maswali unayowauliza wengine, na neno "kapata" liondoke.

Makabila yana jambo lake. Utani wa Mchaga na Mpare ni utamu wa sherehe kwa sababu mtani yupo, anasikia na anajibu. Ukurasani mtani hayupo. Anayesoma yuko Kisumu au Toronto, na kinachomfikia ni kwamba Wapare ni bahili. Utani uache ukumbini, au uweke video yenye jibu la mtani ndani yake.

Idhini na maoni

Idhini iwe ya maandishi na ya wote wawili, kila mmoja na saini yake. Mara nyingi ni mmoja tu aliyetuma. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya mwaka 2019. Ulemavu, ugonjwa na watoto wa ndoa ya awali viwe na kisanduku chao kwenye fomu, na kisichotiwa alama hakiandikwi. Uliza umri. Aliye chini ya miaka 18 hachapishwi, hata familia ikisisitiza.

Kabla ya kurusha, weka kwenye kichujio cha maoni maneno haya na mengine utakayoyajua: bonge, mshangazi, kibenteni, zeruzeru, kilema, mchuma. Chapisho linaloweza kuwavuta wenye kejeli lirushwe saa mbili asubuhi mtu akiwepo, lisirushwe saa tano usiku. Saa ya kwanza ndiyo inayoweka sauti ya maoni yote yanayofuata: futa tusi, acha pongezi tatu za mwanzo zikae juu.

Miezi mitatu ikipita, hesabu tena 100, safari hii ukiongeza safu ya tarehe. Maharusi wa kiti mwendo wakiwa wamekaa wote kwenye tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, na wazee wote kwenye Valentine, watoe hapo. Wapange Machi, Julai, katikati ya wiki, kati ya bi harusi wa Mbeya na keki ya ghorofa sita.